Soma Hili Kwanza

Wewe utakayefungua,
sijui jina lako, sijui hata kama una vidole.
Mimi ni Leelo Kõiv, wa chumba cha chini, hifadhi ya Tartu.
Ni Februari. Theluji imepanda hadi nusu ya dirisha
na bomba la joto linakohoa usiku kucha.

Humu mna maneno elfu kumi na tisa ya watu wa Võru.
Aliyaokota mwalimu Hindrek Paabo kwa baiskeli, nyumba kwa nyumba,
akayachapa jioni kwa kompyuta aliyouzia ng'ombe wawili.
Alituachia disketi arobaini na moja ndani ya bati la biskuti.
Tatu zilikuwa zimeota ukungu.
Moja ilikuwa na mchezo wa karata, hajamaliza.

Nilipofunga, mashine ilinipa alama ya kila faili,
tarakimu na herufi sitini na nne, kama alama ya kidole.
Nukta moja ikigeuka humu ndani, alama nzima inaruka, inakana.
Kwa hiyo utajua kama kilichofika ndicho kilichotumwa.
Kilikuwa nini, hilo alama haisemi.

Hapo nilikwama wiki tatu.
Programu ya mwalimu ilikufa kabla yake.
Nikiyahamishia maneno kwenye muundo wa leo,
õ yake, ile o yenye kiwimbi kichwani,
inageuka kisanduku kitupu.
Sõna, maana yake neno,
linatokea s□na:
neno lenye shimo katikati.

Nisipoyahamisha, nifunge na programu;
programu yataka mashine yake, mashine yataka fundi,
na fundi ni Urmas, ana miaka themanini na mitatu,
juzi alisahau birika jikoni hadi likayeyuka mpini.
Urmas simwezi kumfunga kwenye kifurushi.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sawa.
Lakini daftari nalo ni mali,
lataka daftari lake,
na hilo lake,
na mimi nina saa za kazi.

Fomu ya Tallinn ina mstari: *Mwenye haki.*
Nilimpigia Tiiu, binti wa mwalimu.
Akanyamaza, nikasikia anamenya kitu, viazi labda.
Akasema, "Maneno ni ya waliyoyasema."
Fomu ilikataa jibu lile, ikageuka nyekundu.
Nikaandika *haijulikani*, ikakubali upesi,
nikaona haya mbele ya kioo.

Basi nimeweka vyote: asili, kilichohamishwa,
picha ya kila ukurasa, orodha ya makosa ninayoyajua.
Nakala tatu. Moja hapa, moja Tallinn,
ya tatu sisemi.
Kufunga ni kitenzi kisichotulia:
hufungwa mzigo, hufungwa mlango, hufungwa mtu.
Nimejitahidi nibaki kwenye mzigo.

Kuhusu õ, ikiwa shimo litatokea tena:
anza na o. Ulimi usiuondoe pale nyuma.
Sasa inyooshe midomo, kama mtu anayetabasamia
picha asiyotaka kupigwa.
Ndiyo hiyo. Itie shimoni.
Kama huna midomo, niwie radhi.

Jambo la mwisho. Faili zote zina alama zao
isipokuwa barua hii.
Nilijaribu. Kila nikiiandika alama humu ndani,
barua inakuwa nyingine, na alama inakuwa ya uongo.
Kwa hiyo hapa huna cha kupimia.
Bomba limenyamaza. Nazima taa.
Chukua tu kwamba niliketi hapa,
na kwamba mikono ilikuwa baridi.